Kuku wa Mgongoni mwa Saa

Kila alipotoka shuleni, Kidoti alivua sare, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kisha akaingia chumba cha mbele ambamo shangazi yake alifanyia kazi. Kunawa kulikuwa sharti. Shangazi alizoea kusema kwamba punje moja ya mchanga ikinasa kwenye kidole inatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Watu walimwita shangazi Fundi Sura. Mafundi wengine walizitia saa uhai kwa ndani. Yeye alizipa sura kwa nje. Kwa msasa laini alivuta mistari nyoofu, myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja. Kwa kijiti chenye ncha ya mpira aligonga viduara vilivyopandana kama magamba ya samaki. Hivyo aliviita lulu. Lakini kazi iliyomroga Kidoti ilikuwa mng'aro wa kioo. Kasha la saa lilishikwa kwenye gurudumu la kitambaa lililopakwa nta, gurudumu likazunguka kwa kasi, na chuma kilichofifia kikatoka kikiwa kimeng'aa hata mtu angeweza kujitazama humo akichana nywele.

Gurudumu hilo lilikuwa la shangazi na mwanawe, ambaye kwa urefu wake aliitwa Mlingoti. Kidoti, mwenye miaka kumi na miwili, alipewa vipande vya bati ajifunzie mistari.

"Na mimi lini, shangazi?" aliuliza mara kwa mara.

"Mkono wako una haraka, mwanangu. Ukitulia, utapewa."

Siku moja aliingia seremala mmoja wa mtaani, mtu mkimya mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliweka mezani saa ya fedha ya mkononi. Ukingo wa mbele ulikuwa umebonyea.

"Ninyoshee huu ukingo tu, fundi," alisema. "Mgongoni msiguse."

"Hata kupangusa?"

"Hata kupangusa."

Shangazi hakumuuliza zaidi. Kidoti, aliyekuwa karibu, aliigeuza saa atazame. Mgongoni palikuwa pamekwaruzwa kwa kitu chenye ncha: mviringo uliopinda, mdomo mrefu, na miguu mitatu. Labda alikuwa kuku. Kidoti alijiambia kwamba seremala hajui uzuri, ndiyo maana anatembea na takataka ile mkononi.

Kesho yake, Kidoti akiwa ametoka shule, shangazi alimaliza ukingo, akaiacha saa mezani, akatoka kwenda kununua msasa. Mlingoti naye alikuwa amepeleka kazi kwa mteja. Nyumba ilikuwa kimya. Kidoti alilitazama gurudumu, akaitazama saa. Akawaza jinsi seremala atakavyoshangaa, na jinsi shangazi atakavyosema kumbe mkono umetulia. Akaifungua saa kifuniko cha nyuma kama alivyoona wakubwa wakifanya, akawasha mashine.

Fedha ni laini. Kwanza ilipotea miguu, kisha mdomo, halafu mviringo wote. Alipopangusa nta, aliona jicho lake mwenyewe na kidoti cheusi kilicho shavuni mwake. Alitabasamu. Ndipo maneno ya seremala yakamrudia, na tabasamu likamfia mdomoni. Alirudisha kifuniko upesi, akaenda uani kufua soksi ambazo hazikuwa chafu.

Shangazi aliporudi, hakupiga kelele. Mlingoti aliporejea, aliwaita wote wawili, akaigeuza saa mbele yao.

"Nani?"

Kidoti aliwahi kujibu. "Mimi nilikuwa uani nafua," alisema.

Shangazi akamgeukia mwanawe. "Leo ulikuwa kwenye gurudumu."

"Nilikuwa nang'arisha bangili, mama. Saa hii sijaigusa."

"Basi imejing'arisha yenyewe?"

"Sijui, mama. Lakini si mimi."

"Kosa la kazi ningelisamehe," shangazi alisema taratibu. "Uongo siuwezi. Toka kwenye meza yangu. Usiguse chombo changu tena."

Mlingoti alimtazama Kidoti, kwa muda tu, kisha akavua aproni yake, akaikunja na kuiweka juu ya kiti. Usiku ule hakula. Kidoti alikula. Alijiambia atasema asubuhi. Asubuhi ilipofika, akajiambia atasema akitoka shule.

Alipotoka shule alimkuta seremala ameketi kwenye benchi la wateja, saa ikiwa kiganjani. Shangazi alikuwa amesimama mbele yake, ameinamisha kichwa. Mlingoti alikuwa mlangoni, kama mgeni nyumbani kwao.

Seremala alipitisha kidole gumba mgongoni mwa saa, akakirudisha, akakipitisha tena. Alikuwa akitafuta.

"Mwanangu ndiye aliyemchora," alisema hatimaye. "Kwa msumari. Alikuwa na miaka mitano. Alikuja mbio kunionyesha, 'Baba, nimekuwekea kuku.' Nikamchapa, fundi. Nikamwambia ameniharibia saa ya marehemu baba yangu. Mvua za mwaka ule zilikuwa hazijaisha, homa ikamchukua." Aliinamia saa. "Picha yake sina. Nilikuwa na kuku huyu."

Kidoti angeweza kunyamaza bado, hakuna aliyemwuliza. Lakini alimwona Mlingoti amesimama pale mlangoni akiubeba mzigo usio wake.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ni mimi, baba. Nilikusikia ukikataza, nikafanya. Halafu nikadanganya. Kaka hakugusa."

Shangazi alifumba macho. Seremala alimtazama mtoto kwa muda mrefu, bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko kupigwa.

"Naweza kumchora tena," Kidoti alisema huku machozi yakimtoka. "Namkumbuka. Alikuwa na miguu mitatu."

"Hapana," seremala alisema. "Huyo atakuwa wako." Akaigeuza saa, akakutana na uso wake mwenyewe, akaiweka mezani haraka. "Ila mng'aro huu uondoeni. Kila nikiitazama naona mtu aliyemchapa yule mtoto."

Shangazi alimvutia Kidoti kiti, akampa msasa laini. "Mistari nyoofu," alisema. "Polepole. Upande mmoja."

Kidoti alivuta mstari wa kwanza upesi mno, na shangazi akaushika mkono wake kwa juu hadi ukatulia. Uso wa seremala ukaanza kufifia kwenye fedha, kisha ukatoweka. Seremala alisubiri hadi mwisho, akaivaa saa yake, akasema, "Umesema kweli, mwanangu. Umechelewa, lakini umesema." Akaenda zake.

Shangazi alichukua aproni kutoka kwenye kiti, akamvalisha Mlingoti kwa mikono yake mwenyewe. "Nilikuhukumu bila kuchunguza, baba. Nisamehe." Mlingoti aliitika kwa kichwa.

Kisha shangazi akamgeukia Kidoti. "Kuanzia kesho unarudi kwenye bati. Hilo gurudumu usilitamani mpaka nikwambie."

"Ndiyo, shangazi."

"Na usikie vizuri. Watu wanadhani kung'arisha ni kuongeza kitu. Kung'arisha ni kuondoa. Unachokiona kinang'aa ndicho kilichobaki. Uongo nao ni vivyo hivyo. Ulijing'arisha wewe, ukamla ndugu yako. Fedha ikishaondoka hairudi, mwanangu. Jina la kaka yako limerudi kwa sababu tu ulifungua mdomo kabla halijaisha."

Kidoti alimwendea Mlingoti, akasimama mbele yake bila kujua aanzie wapi. Mlingoti aliketi kwenye benchi la wateja, akasogea kidogo, akamwachia nafasi ya kukaa.