Shela Lisilokuwemo Kwenye Filamu

“Wewe Friji, nyamaza kwanza,” Mpolandi alisema, akimnyooshea kidole fundi wa mafriji aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele. “Mtu ambaye hajaiona *Wajane wa Reli* hachangii. Anasikiliza.”

“Nimeuliza tu, bosi. Kwa nini yule mjane mnayemsimulia anaingia kabatini halafu anatokea baharini?”

“Kwa nini!” Mpolandi aliwageukia wenzake akachekea puani. “Mmemsikia? Nenda kaangalie tamthilia za jioni, kaka. Huko wanakutafunia kila kitu.”

Watu wakacheka. Mwalimu wa hesabu alicheka mpaka miwani ikamshuka. Mfamasia alitikisa kichwa kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa asiyepona.

Hao ndio waliokuwa wakikutana kila Jumapili kwenye saluni iliyofungwa, katikati ya mashine za kukaushia nywele, na kujiita wakusanyaji. Walikusanya filamu za zamani za Kipolandi, zile za maajabu, ambamo saa ya ukutani hutaga yai na maiti huomba kiberiti. Diski zao hazishikwi na mtu asiyenawa. Na wao waliwapa watu wengine wote duniani jina moja tu: washamba.

*Wajane wa Reli* ndiyo iliyowanyima usingizi. Filamu hiyo ilikatwakatwa na wakubwa wa enzi zake, na nakala zilizobaki zilikuwa na mikwaruzo kama zimeburutwa barabarani. Sasa kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imetangaza kwamba imeisafisha, imerudisha vipande vyote, na itaitoa kwenye sanduku la diski mbili.

Katika kundi zima, mmoja tu ndiye aliyewahi kuiona nzima. Mpolandi. Alisoma Polandi miaka mitano, ndivyo alivyosema, na jina lake likatoka huko.

“Tusimulie tena lile shela,” mfamasia aliomba.

Mpolandi akafumba macho.

“Bibi harusi amesimama stesheni. Treni inapita, inalinasa shela lake. Shela linavutwa, linavutwa, halifiki mwisho. Treni nzima imepita, shela bado linatoka kichwani. Kisha anageuka, anakutazama wewe uliyeketi, anasema neno moja tu. *Zamknięte.* Yaani, nisubiri.”

“Mimi niliwahi kuona nusu ya kipande hicho,” mwalimu akadakia. “Kwenye nakala mbovu, lakini shela nililiona.”

“Na mimi nilisoma habari zake nikalia,” mfamasia akasema.

Pembeni yao alikaa Meno, mwanamke aliyetengeneza meno bandia kwenye kliniki moja, mdogo wa dada mwenye saluni hiyo. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko patasi zake. Mwanaume akimwambia anapenda filamu, alimuuliza, “Ipi?” Akiitaja tu, anaagwa. Waliagwa wengi. Hakuwahi kumpenda mtu mpaka aliposimuliwa lile shela. Siku ile alirudi nyumbani kimya, na miezi michache baadaye alikuwa mchumba wa Mpolandi. Pete zao zilishachongwa kwa ndani neno lile lile, *zamknięte*. Walikubaliana wataiona filamu kwanza, wawili tu, kisha wafunge ndoa.

Mwalimu akaruka kutoka kwenye kiti, simu mkononi.

“Yametumwa! Jamani, masanduku yameshatumwa!”

Wakapiga kelele, wakakumbatiana. Meno alimgeukia mchumba wake ili wafurahi pamoja. Mpolandi alikuwa akifuta jasho, na saluni ilikuwa na kiyoyozi.

*

Kesho yake simu iliita Meno akiwa kazini, anakwangua nta kwenye meno bandia ya taya la chini la mtu.

“Mpenzi, tufunge ndoa wiki ijayo.”

“Wiki ijayo? Si tulisema baada ya filamu?”

“Filamu ni filamu, ndoa ni ndoa. Kwani tunaoana na diski?”

“Wazo lilikuwa lako.”

“Nimebadilika. Mtu habadiliki?”

“Anabadilika. Ila hatoki jasho.”

Akakata simu. Jioni, kwenye grupu lao la simu, Mpolandi aliandika: “Nimesikia toleo hili lina kasoro kubwa. Nashauri tusiliguse.” Mfamasia akamjibu: “Kasoro gani? Tumesubiri kama tunasubiri mvua, leo utuambie tufunge madirisha?”

Meno alizisoma meseji zote mbili, akazisoma tena. Mwenye haraka ya kufunga mlango, alijisemea, kuna kitu anakificha ndani.

Kifurushi chake kilifika Alhamisi. Jumamosi mchana alikwenda nacho kwa dada yake, akaweka diski bila kumwambia mchumba.

“Wenzako wanaolewa na walevi,” dada mtu alisema, akijilaza kwenye kochi, “wewe mdogo wangu unaolewa na DVD. Haya, weka tuone hao wajane.”

Wakaangalia. Picha ilikuwa safi kama imepigwa jana. Vipande vilivyorudishwa vilikuwemo vyote, na kijitabu kilivitaja kimoja kimoja. Wajane watatu walikaa relini wakimenya viazi, na kila kiazi kilichomenywa kilianza kulia kama mtoto mchanga. Treni ilipita. Bibi harusi hakutokea. Stesheni yenyewe haikuwemo.

“Shela liko wapi?” dada aliuliza.

“Litakuja.”

Halikuja. Karibu na mwisho, mjane mmoja alifika kwenye mlango wa duka la mikate, akausukuma, haukufunguka. Kibao kikaonekana kwa karibu: *zamknięte*. Chini ya picha maandishi ya Kiingereza yakatafsiri.

“Rudisha hapo,” Meno alisema. Sauti haikuwa yake. “Rudisha!”

Dada akarudisha. Akasoma. Akamtazama mdogo wake, akasoma tena.

“Duka limefungwa? Ndiyo ‘nisubiri’ yenu hiyo? Ina maana pete yako imeandikwa duka limefungwa?”

Dada alianza kucheka kidogo kidogo, kisha akashindwa kabisa, akateleza kutoka kwenye kochi mpaka sakafuni.

“Nisamehe, mdogo wangu. Lakini angalau ni kweli! Ukishaolewa, si duka limefungwa?”

“Cheka tu, dada.”

“Usipocheka utalia.”

“Silii kwa ajili ya mtu kama yule.” Alikuwa analia. “Atalisimulia tena shela lake. Mbele ya watu wake wote, halafu nitawasha.”

“Huko ni kumvua mtu nguo hadharani.”

“Alizivaa hadharani.”

Akachukua simu, akaandika: “Mpenzi, kesho tunaiangalia wote saluni.”

Jibu: “Nina mafua makali.”

Akaandika: “Njoo nayo.”

*

Jumapili saluni ilijaa. Mwalimu alivaa suti. Mpolandi aliingia wa mwisho, amejifunga skafu shingoni, akakaa karibu na mlango.

“Kabla hatujawasha,” Meno alisema, rimoti mkononi, “mchumba wangu atusimulie shela. Ili tukiliona tulijue.”

“Sauti imekauka.”

“Simulia taratibu.”

Walitazamana. Mpolandi alielewa hapo hapo. Alikuwa mwongo, lakini hakuwa mjinga. Akasimulia: stesheni, treni, shela lisilo na mwisho. Alipofika kwenye neno lile alilitamka kama anameza mwiba. Watu wakapiga makofi. Meno akawasha.

Viazi vililia. Wajane waliingia kabatini. Mlango wa duka la mikate ukakataa kufunguka. Kisha yakaja majina ya waigizaji na skrini ikawa nyeusi.

Meno alisubiri kicheko. Alisubiri wamgeukie mtu wao kama kuku wanavyomgeukia mwenzao mwenye kidonda. Badala yake mwalimu alisimama akiwa amevimba mishipa ya shingo.

“Wameikata tena!”

“Nilijua mimi!” mfamasia akapokea. “Tangu mwanzo ile rangi ilinitia shaka.”

“Wezi wakubwa! Shela lenyewe ndiyo filamu! Mtu ataondoaje shela?”

“Na kile kibao cha duka wamekichomeka baadaye, ili neno lipoteze maana yake.”

“Tuwaandikie malalamiko leo leo. Mpolandi, wewe uliyeiona nzima, utatia saini wa kwanza.”

Meno alibaki na rimoti mkononi. Alikuwa amemchimbia mtu shimo, na watu walikuwa wakishindana kumteremshia ngazi. Akawatazama mmoja mmoja, watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wakililia kitambaa ambacho hawakuwahi kukiona. Dharau aliyomtunzia mtu mmoja ikawaenea wote, ikabaki.

“Haya,” alimwambia Mpolandi. “Tia saini basi.”

Kalamu ilishafika mbele yake. Mpolandi aliitazama. Angeandika jina tu, angetoka pale shujaa. Akavua skafu, akaiweka juu ya mapaja.

“Hawajakata kitu,” alisema. “Shela halimo. Sikuwahi kuiona filamu hii mpaka leo.”

“Usiseme hivyo, ndugu yangu,” mwalimu alimsihi. “Nusu ya kipande hicho niliiona mimi mwenyewe!”

“Uliona nini, mwalimu? Nililitunga mimi, dukani kwangu, nikisubiri maji ya chai yachemke.”

Hapo ndipo walipokasirika. Alipodanganya alikuwa mwenzao. Aliposema kweli wakamwita tapeli. Mwalimu alimwita mhuni. Mfamasia alisema amemharibia miaka yake. Walitoka mmoja baada ya mwingine, kila mtu amekumbatia diski yake. Fundi wa mafriji alisimama mlangoni.

“Mimi vile viazi vimenifurahisha,” alisema, akaenda zake.

*

Wakabaki wawili, na vioo vya saluni vikiwaonyesha kila upande.

“Polandi ulifika?” Meno aliuliza.

“Wiki mbili. Mafunzo ya pampu za maji, ndizo ninazouza. Ilikuwa msimu wa sikukuu. Kila duka nililolifikia lilikuwa na hilo neno mlangoni. Nilirudi nikiwa nalijua hilo tu.”

“Ukanivalisha kidoleni.”

“Nilidhani hutalisikia tena popote, na filamu yenyewe haitatolewa kamwe.”

“Kwa nini ulinidanganya?”

“Siku ya kwanza nilipokuja hapa, kulikuwa na jamaa alisema anapenda filamu. Ukamuuliza ‘ipi,’ akaitaja, ukamwambia, ‘Nenda salama, kaka.’ Nikajua nikisema nauza pampu, na mimi nitaagwa.”

“Ungeagwa.”

“Unaona?”

“Usinitupie mimi!” Meno aliinuka. “Dharau ni yangu, naijua, nimezaliwa nayo. Uongo ni wako, ubebe mwenyewe.”

“Naubeba.”

“Na yule fundi? Kila Jumapili ulimtukana kwa kosa la kusema hajaiona. Wewe hujaiona, yeye hajaiona, halafu yeye ndiye mshamba! Kunidanganya mimi kunauma. Hilo la yule fundi linatia kinyaa.”

Meno alimwekea Mpolandi pete mezani, kando ya vitana.

“Nenda salama, kaka.”

*

Alikwenda. Lakini kesho yake asubuhi alikwenda kwenye karakana ya fundi wa mafriji, akamwomba radhi mbele ya wateja. Fundi aliendelea kufungua skrubu, kisha akamwambia, “Ungesema mapema, bosi, tungekuwa wawili.” Habari hizo Meno alizipata kwa dada yake, ambaye friji lake liliharibika wiki hiyo, au alilisingizia kuharibika.

Kisha meseji zikaanza. Hazikuwa na shairi wala kopa.

“Leo nimeuza pampu moja. Mteja kairudisha.”

“Leo sina jipya. Nimelala mapema.”

“Leo nimemwambia mama ukweli. Kasema alijua, kwa sababu miaka ile mitano nilikuwa nakula kwake.”

Meno alizisoma kwa kubinua mdomo na hakujibu. Lakini siku moja meseji ilipochelewa, alipasua taya la plasta la mteja kwa sababu jicho lilikuwa kwenye simu. Akajitukana, akasafisha mikono, akaandika:

“Sema kweli. Filamu unayoipenda ni ipi?”

Mpolandi akajibu:

“Ya farasi aliyepotea akarudi nyumbani kwao. Nililia mara mbili.”

“Hiyo ni takataka.”

“Najua.”

“Ije Jumamosi. Na wewe uje nayo.”

Waliiangalia kwenye kochi la dada. Meno aliikejeli tangu mwanzo mpaka mwisho, farasi, mwenye farasi, muziki, mpaka nyasi. Farasi alipofika getini, Meno alinyamaza. Mpolandi hakugeuka kumtazama, na kwa hilo Meno alimshukuru.

Wale wakusanyaji hawakupona. Waliwaondoa wote wawili kwenye grupu. Mwalimu ameshawaaminisha wenzake kwamba nakala halisi, yenye shela, imefichwa kwenye ghala moja huko Polandi, na kwamba ipo siku itasafishwa na kutolewa. Wameshatenga nafasi yake kwenye rafu. Wakikutana, mfamasia hulisimulia shela, na siku hizi analisimulia kwa urefu kuliko aliyelitunga.

Ndoa ilifungwa asubuhi, kwenye ofisi ya msajili, mbele ya wazazi na dada na fundi wa mafriji. Wakiwa kwenye korido wanasubiri kuitwa, dada alimvuta mdogo wake pembeni, akamrekebisha nywele.

“Kwa hiyo umemsamehe?”

“Bado.”

“Sasa unaolewaje na mtu hujamsamehe?”

Meno alichungulia juu ya bega la dada. Muuza pampu alikuwa amekaa wima kwenye benchi, viatu vimeng'aa, akimwambia karani kwamba hapana, hajawahi kuishi Polandi, ni stori tu za watu.

“Dada,” alisema, “nikisubiri nimsamehe kwanza, nitazeeka. Nitamsamehe humo humo ndani ya ndoa.”