Sosi ya Shangazi Verlyn Yakosa Moto

Kila Ijumaa akitoka shule, Shenelle hubadili sare, hula mkate wake wa kukaanga, kisha huketi kibarazani kuchambua pilipili. Shangazi yake, Verlyn, hutengeneza sosi ya pilipili na kuiuza kwenye chupa. Huku kwetu Moruga, pilipili isiyomtoa mtu machozi tunaiita mboga, na ya Verlyn iliwahi kumliza hadi sajini wa polisi.

Ijumaa ile haikuwa ya mchezo. Mzee Baboolal, mwenye duka kubwa mjini Princes Town, alikuwa amekubali kuionja kesho yake. Akiipenda, ataiweka dukani kwake kila wiki, na Verlyn ataacha kufua nguo za watu.

"Nakwenda mazoezi ya kwaya," Shangazi alisema. "Ndoo hii nzima uichambue, uisage na siki na kitunguu saumu. Papai bichi weka kipande kimoja tu, sosi ishikane. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Alisikia, lakini wapi! Hata robo ya ndoo hajafika, vidole vinawaka na pua inachuruzika. Barabarani wenzake walikuwa wanacheza kriketi. "Shenelle, zamu yako inapita!" wakamwita. Akatazama pilipili, akatazama papai. Akalisaga papai zima, akaongeza la pili, akatia karoti ili rangi ikolee. Pilipili zilizobaki akazifukia nyuma ya nyumba. Chupa zote zikajaa, nzuri za kupendeza, naye huyo, mbio kwenye kriketi.

Jumamosi duka lilifurika watu waliokuja kumwona Mzee Baboolal akilia, nami nikiwamo. Mwenyewe alikuwa amejiandaa: leso begani, jagi la maji mbele yake, feni imeelekezwa usoni. Akajaza kijiko, akafumba macho, akameza. Tukasubiri. Akafumbua jicho moja.

"Verlyn, hii huwa inachelewa kuwasha?"

Mjukuu wake wa miaka miwili, aliyekaa juu ya kaunta, akanyakua kijiko na kukilamba chote. "Babu, tena!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. "Dada, umemletea uji!" mmoja akapaza sauti. "Mtilie na maziwa basi!"

Mzee Baboolal hakucheka. "Chupa imeandikwa 'Moto wa Moruga'. Unanidanganya mimi, au unataka niwadanganye wateja wangu?"

Verlyn akaanza kurudisha chupa kwenye kreti. Shenelle, aliyekuja naye kumsaidia kubeba chupa, aliona aibu. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemshuku.

"Si yeye!" akapayuka. "Ni mimi, Mzee. Nilisaga mapapai nikaenda kucheza."

"Mapapai mangapi?"

"Mawili."

"Mungu wangu!" Mzee akajifuta uso, ingawa haukuwa na jasho hata tone. "Haya, kwa kuwa umesema mwenyewe, njooni Jumamosi ijayo. Mara moja tu!"

Ijumaa iliyofuata Shenelle alichambua ndoo nzima peke yake, machozi yakimtiririka. "Lia tu, mwanangu," Shangazi alimwambia, "ila usijifute macho kwa mikono hiyo." Alijifuta. Mayowe yake yalisikika hadi kanisani.

Jumamosi Mzee Baboolal akameza kijiko kimoja. Macho yakamtoka, jasho likamchuruzika masikioni, kwikwi ikamkamata. Akamaliza jagi zima la maji. Akajaribu kusema, sauti ikagoma. Basi akanyoosha kidole kwenye rafu ya mbele kabisa, pale wateja wanapoingilia.

Shenelle aliruka kwa furaha. Shangazi akamshika bega.

"Panga chupa, huku unanisikiliza. Anayenunua sosi yetu hayupo jikoni kutuona. Anatuamini tu. Siku ukichoka, niambie, 'Shangazi, nimechoka,' nitakusaidia. Lakini kazi usiibabaishe ukadhani hatajua. Ataijua siku atakapoionja, na jina litakalochafuka ni letu sote."

"Nimeelewa, Shangazi," akasema Shenelle, na safari hii alikuwa ameelewa kweli.