Zawadi ya Bure kwenye Simu ya Fundi

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alivua sare, akala, kisha akaingia chumba cha mbele ambako mama yake alishona nguo. Alifagia vipande vya vitambaa, alishona vifungo na kujibu ujumbe wa wateja kwenye simu. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Simu hiyo ilikuwa na siri. Mama yake, ambaye watu wote walimwita Fundi, hakuhifadhi majina ya wateja. Alihifadhi miili yao. "Jina litanitoka," alisema, "lakini bega halinitoki." Kwa hiyo mwashi wa jirani alikuwa Tumbo Mbele. Nesi wa zahanati alikuwa Bega Moja Chini. Muuza vyombo alikuwa Kiuno Hakionekani. Wenyewe hawakujua, na hapakuwa na haja wajue.

Siku moja tangazo lilijitokeza kwenye simu: "Sloti mpole, mchezo wa kuzungusha picha, ushindi mara kwa mara! Jisajili upate mizunguko ya bure, bila kuweka hata senti." Chiriku aliulizwa kama ametimiza miaka kumi na minane. Alikuwa na kumi na mitatu. Akabonyeza "Ndiyo".

Picha za matunda zikazunguka. Kengele ikalia: ameshinda! Akazungusha tena, kengele ikalia tena. Mizunguko ya bure ilipokwisha, mchezo ukamwambia aalike marafiki apewe mingine. Chiriku akabonyeza "Alika wote" bila kusoma zaidi.

Kesho yake alasiri, Chiriku akifagia vitambaa, nesi aliingia bila hata hodi.

"Fundi! Bega Moja Chini ndiye nani?"

Fundi akasimamisha cherehani.

Nesi akasoma simu yake kwa sauti: "'Mpendwa Bega Moja Chini, rafiki yako Fundi anakualika kasino. Cheza bure!' Simu ilikuwa mezani, zahanati nzima imesoma. Hata mgonjwa aliyevunjika mguu alicheka mpaka akasahau kulia! Sasa nipe vitambaa vya sare zetu. Vyote. Tutatafuta fundi mwenye adabu."

Sare za manesi zilikuwa kazi kubwa kuliko zote za mwaka ule. Kabla Fundi hajajibu, mwashi naye alifika, tumbo likitangulia.

"Mimi la tumbo nimelisamehe, maana ni langu na liko mbele kweli. Lakini ujira wangu! Niliona jina lako, Fundi, nikasema huyu mama hajanidanganya hata inchi moja ya kitambaa. Nikaweka ujira wa jana wote. Umeliwa!"

"Mimi na kasino wapi na wapi?" Fundi alisema. Kisha akageuka polepole. "Chiriku."

Mdomo usiojua likizo ukaipata ghafla. Uongo ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi: labda mtu ameingilia simu. Wangemwamini. Lakini alimwona mama yake akianza kukunja vitambaa vilivyokwisha kuchorwa chaki.

"Ni mimi, Mama."

"Umelichukua jina langu ukalitembeza kama shati la kuazima!" Fundi alifoka. "Miaka yote hii nalilinda, wewe unalitoa kwa kidole kimoja!"

"Lakini nilishinda, Mama! Nitazitoa pesa, nimlipe mjomba."

"Zitoe," mwashi alisema. "Sasa hivi, nikiona."

Chiriku akabonyeza. Maandishi yakatokea: aweke kwanza pesa zake mwenyewe, kisha acheze kamari ya pesa mara arobaini ya zawadi aliyopewa, ndipo atoe chochote.

"Lakini waliandika ni bure!" alilia, uso umemwiva kwa hasira.

Nesi akamnyang'anya simu. "Huo ushindi wako uko wapi?"

"Huu hapa, Shangazi. Kila mzunguko wa zawadi unahesabiwa shilingi kumi. Nimeshinda sita."

"Umetoa kumi, ukarudishiwa sita. Na kengele ikalia?"

"Ikalia."

"Basi wewe umefiwa, wao wanapiga vigelegele!"

Mwashi akapiga paja. "Hivyo hivyo ndivyo walivyonimaliza! Kila nikitaka kuacha, kengele inalia. Wezi hawa!"

Chiriku alitamani kuitupa simu ukutani. Badala yake alisema, "Mama, niruhusu niwapigie wateja wote, mmoja mmoja, kabla wengine hawajaweka pesa."

Akapiga. Kila mara alitaja kosa lake bila kulipunguza. Wengine walimsamehe, wengine walimkatia simu. Muuza vyombo alimgombeza mpaka sikio likawaka moto, naye akaitikia, "Nimekosa, nisamehe," bila kujitetea. Nesi alikaa akisikiliza, furushi la vitambaa mapajani. Chiriku alipomaliza kumpigia mteja wa mwisho, nesi aliinuka, akalirudisha furushi mezani.

"Shona," alimwambia Fundi. "Lakini sema kweli. Hilo bega liko chini?"

"Kidogo."

"Kumbe ndiyo maana gauni zako zinanikaa sawa."

Ujira wa mwashi haukurudi. Fundi alimwahidi suruali mpya ya kazi bila malipo, kisha akaufuta mchezo ule na kumtazama binti yake. Uso wake haukuwa umelainika.

"Nimekasirika, na kesho nitaamka nimekasirika. Umedanganya umri wako, na watu walioniamini wameumia. Sikiliza, mwanangu. Mwizi anayekupokonya vyote kwa mkupuo, utampigia kelele. Anayekurudishia kidogo kidogo, utamwita rafiki, naye atakumaliza. Na zawadi inayokutaka uwalete watu wako si ya bure. Bei yake ni wao."

"Nimeelewa, Mama."

"Kuelewa peke yake hakumvishi mwashi. Leta sindano. Suruali ile utaishona wewe, kwa mkono, na mshono ukipinda utafumua uanze upya."