Kompyuta Iliyogoma Kufika Mbili

Dereva mstaafu ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote katika darasa la kompyuta, na kwa maringo alikuwa hashikiki. Wiki ya tatu tu, tayari alikuwa amemwandikia mkewe programu.

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Goti lake lilikuwa limefanyiwa upasuaji. Daktari wa viungo alimwagiza akae kitini na kuinuka mara kumi kila asubuhi, asizidishe, goti lisije likavimba. Ijumaa angelipima. Likiwa zima, mama angerudi kazini. Likiwa limevimba, angekaa bure miezi miwili mingine, na kukaa bure kulikuwa kumemchosha kuliko kushona.

Jumatatu asubuhi mzee aliweka kompyuta mezani imhesabie, akaongeza sauti.

"Fuata inavyosema," alimwambia mkewe. "Ikisema basi, umemaliza."

Kisha akatoka kwenda kununua mkate. Njiani akapita kwa kinyozi kujisifu kidogo. Kidogo chake kilichukua robo saa.

Aliporudi, sauti aliisikia tangu mlangoni. Moja, keti, inuka. Moja, keti, inuka. Mkewe alikuwa ameshikilia meza, jasho linamtiririka.

"Mama watoto, si mara kumi tu?"

"Haijafika mbili," mkewe alisema akihema. "Nikadhani siinami vizuri, ndiyo maana hainihesabii. Nikazidi kuinama."

Mzee akatoka mbio kumwita jirani, binti ambaye kazi yake ni kuandika programu. Binti akaizima ile sauti, akamwekea mama barafu gotini, ndipo akasoma kazi ya mzee. Iliandikwa hivi: namba ianze na moja, namba ikiwa chini ya kumi, itaje, sema keti, sema inuka, kisha rudia; mwisho, sema basi.

"Mzee, namba inaongezeka wapi?"

"Si inamwona mtu akiinuka?"

"Haioni kitu, baba. Inafanya ulichoandika tu. Hukuiambia iongeze, kwa hiyo itabaki kwenye moja mpaka umeme ukatike."

Akamweleza kwamba sehemu inayorudia huitwa kitanzi. Kitanzi lazima kijue kinaanzia wapi na kinakomea wapi. Tena, kila kikizunguka, lazima kisogee kuelekea mwisho. Akamwambia pia kwamba programu hujaribiwa kwanza kwa namba ndogo, tatu kwa mfano.

"Na ijaribiwe kwa magoti ya aliyeiandika," mkewe akaongeza. Hakuwa akitania.

Mzee akabadilisha kumi kuwa tatu, akaandika "ongeza moja", lakini akaiweka chini kabisa, nje ya kitanzi. Akaanza kukaa na kuinuka. Moja. Moja. Moja.

"Endelea," mkewe alimwambia kwa upole. "Labda huinami vizuri."

Alipofika mara ya ishirini, binti akamhurumia, akaizima. Mzee akaipandisha ile amri ndani ya kitanzi. Safari hii kompyuta ikasema moja, ikasema mbili, ikasema basi. Ya tatu iko wapi? Binti akamwonyesha kwamba aliandika "chini ya tatu", na tatu haiko chini ya tatu. Aandike "isizidi tatu". Akaandika. Akakaa na kuinuka tena. Moja, mbili, tatu, basi. Mzee akafurahi karibu alie. Ndipo mkewe akamkumbusha kwamba bado hawajaijaribu ile ya kumi.

Mama alipumzisha goti siku mbili. Alhamisi akafuata kompyuta mpaka kumi, ikasema basi, akakaa.

Ijumaa daktari alilibonyeza goti huku na huku, akasema halina uvimbe. Jumatatu angeweza kukanyaga cherehani. Mama akamshika daktari mkono kwa furaha. Daktari akamtazama mzee, aliyekuwa ameegemea ukuta kwa sababu kiti kilikuwa chini mno.

"Na huyu anaumwa nini?"

"Huyo mzima, daktari," alisema mkewe. "Amejifunza kukoma, ila amejifunza kwa magoti."