Shingo Si Pindo la Nguo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, msichana alisimama mbele ya kioo kilichovunjika kona, akafunga shati lake mpaka kifungo cha juu kabisa, hata kama jua lilikuwa linachoma. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na uvimbe laini katikati ya shingo, wa ukubwa wa gololi. Darasani walimbandika jina la Koromeo.

"We Koromeo, ndevu zinaota lini?" wavulana wa dawati la nyuma walimwuliza. Hao hao ambao saba mara nane iliwatoa jasho.

Jirani yao alikuwa fundi wa cherehani, mtaa mzima ukimwita Mama Najua. Hakuna kilichomshinda, isipokuwa kushona suruali ikatoka na miguu inayolingana. Ukimwendea na kikohozi, alikutajia dawa kabla hujamaliza kukohoa.

"Hilo ni jipu sugu," alimwambia mama wa msichana, sindano ikiwa imebanwa midomoni. "Hospitali watakupotezea siku nzima bure. Lete mtoto nilitoboe, usaha utoke, yaishe."

Mama alikuwa mtu wa wasiwasi, na mwenye wasiwasi humsikiliza anayesema kwa sauti kubwa. Akakubali. Yule bingwa akaifuta sindano ya kushonea nguo kwenye gauni lake, akachoma. Haukutoka usaha. Ulitoka uteute kidogo.

"Umeona?" akasema Mama Najua, kana kwamba kuna kitu kilichoonekana.

Siku ya tatu shingo ilikuwa imevimba, inawaka moto, na msichana hawezi kumeza hata mate. Mama Najua alipoitwa aje aone kazi ya mikono yake, alituma jibu kwamba ana nguo nyingi za wateja. Mama akamfunika mwanawe shuka, wakakimbilia hospitali.

Daktari, mama mmoja mwenye miwani, aliishika ile shingo kwa vidole viwili. "Toa ulimi," akasema.

Msichana akamgeukia mama yake. Kwao, kumtolea mtu mzima ulimi kulikuwa ni kutafuta kofi.

"Toa tu, mwanangu," mama yake akamwambia.

Akautoa polepole. Uvimbe ukapanda. Ulimi uliporudi ndani, ukashuka.

"Jipu halifanyi hivyo," daktari akasema. "Mtoto anapoumbika tumboni, tezi ya shingo huanzia kwenye shina la ulimi, ikashuka kwa kijia chembamba mpaka mahali pake. Baadaye kijia hicho hufutika. Chako kilibaki kipande, kikajaa maji. Bado kimeshikana na huko juu, ndiyo maana kinafuata ulimi. Umezaliwa nacho. Hukukosea kitu, wala mama yako."

Kisha akainama zaidi. "Na hili tundu, nani kalitoboa?"

"Alijikuna, daktari," mama akajibu haraka, macho sakafuni.

Msichana alimpenda mama yake, na hakutaka kumwaibisha. Lakini shingo ilikuwa yake, na ilikuwa inauma.

"Sikujikuna," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Nilichomwa na sindano ya kushonea nguo."

Daktari hakugomba. Aliandika. "Umenisaidia sana. Basi leo unapata na chanjo ya pepopunda. Ningeamini habari ya kujikuna, ningekuacha uende hivi hivi."

Alipewa dawa, akapigwa picha ya shingo, na wiki kadhaa baadaye, uvimbe ulipotulia, alipasuliwa. Kilitolewa kifuko pamoja na kijia chake chote, maana kingebaki kipande, uvimbe ungerudi.

Siku aliyotoka hospitali, Mama Najua alikuwa wa kwanza kubisha hodi. "Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba si jipu," akasema, akijikalisha bila kukaribishwa.

"Jirani," mama akamjibu taratibu, "sindano yako ishone nguo. Shingo ya mtoto si pindo."

Mama Najua akakumbuka ghafla kwamba ameacha pasi motoni.

Msichana akaenda kwenye kioo, akatoa ulimi. Shingoni hakikupanda kitu. Mama akaja akasimama nyuma yake.

"Mwanangu, nilifanya makosa mawili," akasema. "Nilimpa shingo yako mtu asiyejua, kisha nikamdanganya anayejua. Ukiumwa, nenda kwa aliyesomea, na umwambie kila kitu, hata kama mama yako anaona haya. Aibu yangu ilipita siku ile ile. Wewe ungeweza kufa."

Kesho yake msichana alikwenda shule na kifungo cha juu kikiwa wazi.