Dramu za Kifua

Fundi wa sauti alikutwa amekaa kwenye kiti chake, hedifoni masikioni, paji la uso limelalia mashine ya kuchanganyia sauti. Waya wa maikrofoni ulikuwa umezungushwa shingoni na kukazwa mpaka ngozi ikachanika. Msafishaji aliyefungua studio asubuhi alidhani amesinzia. Alipomgusa bega ndipo alipojua.

"Amenyongwa kutokea nyuma, jana jioni," daktari wa polisi alisema. "Na hakufa upesi. Tazama kucha zake. Zimejaa ngozi ya shingo yake mwenyewe."

Inspekta alitazama. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mbele ya maiti alikuwa na machache zaidi.

Kompyuta ilikuwa imepondwa. Diski za kuhifadhia kazi hazikuwepo. Kanda za zamani zilikuwa zimevutwa nje ya magurudumu yake na kukatwakatwa kwa mkasi, zimetapakaa sakafuni kama nywele kwa kinyozi.

"Mlango haukuvunjwa," koplo alisema. "Kamfungulia mtu anayemjua."

Ukutani palikuwa na bango la vijana watatu waliovaa ngozi nyeusi: Kutu, bendi ya muziki wa metali. Albamu yao ya kwanza, Jivu, ilitoka miaka ishirini iliyopita. Sasa kampuni ya muziki ilitaka kuitoa upya, nyimbo zote zichanganywe tena kutoka kanda za asili na kuongezewa zile ambazo hazikuwahi kusikika. Kazi hiyo ndiyo aliyopewa marehemu.

Wawili kwenye bango walikuwa hai: Radi, mwimbaji aliyepiga pia besi, na Msumari, mpiga gitaa. Wa tatu, mpiga dramu, walimwita Kifua kwa sababu ya pumu yake. Alifariki albamu ikiwa inakamilishwa. Alifia usingizini, nyumbani kwake. Ndivyo ilivyoandikwa nyuma ya jalada, chini ya maneno ya buriani.

Mke wa fundi alikuwa jikoni kwake, sufuria ya jana bado iko mekoni.

"Aligombana na mtu?" Inspekta aliuliza.

"Wiki hii hakuwa mtu wa kula, afande. Nikimuuliza, ananiambia ni kazi. Juzi nikamsikia kwenye simu. Alisema, 'Mama yake lazima asikie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi.'"

"Mama wa nani?"

"Hakutaka kunieleza. Alisema hakuna haja sote wawili tukose usingizi."

"Kazi zake aliziweka wapi, mbali na studio?"

"Hapa haleti kitu." Mjane akafikiri. "Labda garini. Spika za studio hakuziamini, alisema zinamdanganya. Kila wimbo lazima ausikilize kwanza kwenye ile redio mbovu ya gari. Ukisikika vizuri humo, utasikika popote."

Gari lilikuwa bado limeegeshwa nyuma ya studio. Flashi ilikuwa imechomekwa kwenye redio. Wimbo wa kwanza ulitikisa vioo.

"Afande, huu ni muziki au lori limeangusha mabati?"

"Nenda mwisho kabisa, koplo."

Faili la mwisho lilikuwa dramu peke yake. Gitaa, besi na uimbaji, vyote fundi alikuwa amevizima. Zilibaki maikrofoni zilizozunguka dramu, na hizo zilikuwa zimenasa kila kitu kilichosemwa chumbani siku ile ya kurekodi.

Kwanza pumzi nyembamba, za kukwaruza, kama mtu anayevuta hewa kwa mrija. Kisha sauti ya kijana.

"Radi, nipe inhela yangu. Tafadhali."

"Maliza wimbo."

"Siwezi. Tafadhali, kaka."

"Msikie, analia kama filimbi. Ukikosea, Kifua, tunaanza upya. Piga."

Watu wawili walicheka. Dramu zikaanza. Zilikwenda sawa, zikalegea, zikazidi kulegea. Mpigo mmoja. Kimya. Mwingine. Kisha kitu kizito kikaangukia matoazi.

"Kifua? Acha utani, bwana."

Koplo alizima redio bila kuambiwa.

Msumari sasa alifundisha gitaa kwenye shule ya muziki. Jioni ya mauaji alikuwa darasani hadi usiku, na mkuu wa shule alithibitisha. Inspekta alimketisha kituoni akamsikilizisha. Mpiga gitaa aliziba uso kwa mikono.

"Inhela ilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwa Radi."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nacheka."

"Halafu?"

"Tulimbeba kwa gari. Tukamlaza kitandani kwake, tukamfunika shuka. Mama yake alikuwa kazini. Inspekta, huo ndio wimbo wa mwisho wa Jivu. Hatukurekodi mwingine. Zile dramu zinazofifia taratibu, mashabiki wanazipenda kuliko kitu chochote. Tukiwa jukwaani tuna mtu tunayemlipa azipige vilevile."

"Nani aliamua zibaki?"

"Muulize Radi."

Radi alikuja kituoni na miwani ya jua na glavu za ngozi.

"Dada, nina mahojiano redioni baada ya hapa. Tuharakishe."

"Inspekta. Vua glavu."

Alisita, akavua. Mstari wa zambarau ulikuwa umekata viganja vyote viwili.

"Nyuzi za besi," alisema.

"Nyuzi huumiza ncha za vidole. Hii imekata viganja, mkono huu na huu, mahali palepale. Ulikuwa unavuta nini?"

Inspekta alibonyeza kitufe. Sauti yake Radi, ya ujanani, ikajaza chumba: "Maliza wimbo."

Aliisikiliza yote. Chini ya meza, mguu wake ulikuwa ukifuata mapigo.

"Nilidhani nimezimaliza zote," alisema mwishowe. "Diski nilizitupa mtoni."

"Anza na simu."

"Alinipigia kama yeye ndiye hakimu. Eti mama yake Kifua asikie. Nikaenda tuongee kiungwana. Akavaa hedifoni, akanigeuzia mgongo, akasema ameshaamua. Waya ulikuwa hapo mezani."

"Ukamwua ili kuficha kifo cha Kifua."

"Kifo?" Radi karibu acheke. "Ningesema tulikuwa watoto, tulikuwa tunataniana. Mawakili wapo. Tatizo lilikuwa wimbo. Miaka ishirini watu wananishika mkono wakilia kwa ajili ya mwisho ule. Nimeliambia kila gazeti kwamba niliutunga mimi, kwa uchungu wa rafiki. Wakijua ni nini, nani atausikiliza tena?"

"Kwa nini mliubakiza?"

"Tulijaribu kuurudia na mpiga dramu mwingine. Kifua alikuwa bado mochwari." Alitazama viganja vyake. "Haukufikia. Ule wa kwake ulikuwa mzuri zaidi."

Alitia sahihi maelezo yake. Koplo akamfunga pingu, na hakuhangaika kuzilegeza.

Nje, kwenye benchi la korido, mama yake Kifua alikuwa akisubiri, mkoba mapajani. Alikuwa ameitwa kama shahidi.

"Nimeambiwa mmepata sauti ya mwanangu," alisema. "Picha ninazo. Sauti sina hata moja."

"Mama, hii si ya kusikiliza. Nakuomba."

"Mimi nimemzaa, mwanangu. Niwekee."

Inspekta alimwingiza ofisini na kumwekea. Mama alisikiliza bila kulia, vidole vimebana kamba ya mkoba. Ilipokwisha, aliomba irudishwe mwanzo. Halafu tena. Kila ilipofika kwenye dramu, aliinua mkono isimamishwe.

"Umesikia?" akamwambia Inspekta. "Anasema tafadhali. Pumzi hana, na bado anasema tafadhali. Mimi ndiye niliyemfundisha."