Mzee Kreti Anaomba Njia

Jirani yetu wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa akiendesha gari la mkate, hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu wengi wakishasikia yaliyompata hukimbilia kusema kwamba alijitakia. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye mikono minene na sauti ya kupenya ukuta. Pale kwenye kiwanda cha mkate walimwita Dada Gia, maana kabla hajapewa gari la mkate aliwahi kuendesha lori la kokoto, na hakuna mwanamume pale aliyethubutu kumfundisha kubadili gia.

Asubuhi mambo yalipoanza, jua lilikuwa limekwisha kupanda. Nyumbani alimwacha mumewe amechuchumaa uani, anajaza upepo tairi la baiskeli yake. Mumewe alikuwa mnoa misumeno katika karakana ya seremala, ng'ambo ya daraja, na alikwenda kazini kwa baiskeli miaka yote ya ndoa yao. Hilo ndilo lililokuwa neno lao la utani.

"Nyinyi wenye magari," mume alisema bila kuinua kichwa, "mnaiendesha ile barabara kama mlirithishwa na babu yenu."

"Na nyinyi mnatembea katikati kama bibi harusi," Dada Gia akamjibu. "Mwenye nguvu mpishe, mume wangu. Waliosema hawakukosea."

Akacheka, akaenda zake kazini.

Barabara yenyewe ilikuwa nyembamba, na kingo zake zilikuwa zimeliwa na mvua za miaka mingi, zimebaki meno meno. Mwendesha baiskeli akikaa pembeni, tairi linadumbukia. Akiingia ndani kidogo, magari yanampigia honi. Madereva walisema watu wa baiskeli ni wakaidi. Watu wa baiskeli walisema, tupite wapi basi, hewani? Ikawa gari likimbana mtu sana, yeye hunyoosha mkono na kulipiga bodi kofi. Pa. Dereva hutukana, mwenye baiskeli hutukana, kila mtu anakwenda zake na hasira yake.

Aliyemkera Dada Gia kuliko wote ni Mzee Kreti. Huyu alikuwa akisambaza mkate wa kiwanda kwa baiskeli tangu enzi ambazo hapakuwa na gari. Gari liliponunuliwa, wasambazaji wote wa baiskeli waliambiwa asanteni. Wengine walikwenda zao. Mzee Kreti hakwenda. Alinunua mkate pale getini alfajiri, akafunga kreti nyuma ya baiskeli, akawapelekea wenye vibanda kama zamani. Dada Gia alipofika na gari lake, wenye vibanda walimwambia, "Tumeshachukua kwa mzee, dada." Akarudi na mkate kiwandani. Msimamizi akawa anamtazama kwa jicho ambalo kila mfanyakazi analijua.

Asubuhi ile alimkuta mzee anakaribia daraja. Ni daraja la zamani, kuta zake za pembeni zilishabomoka, na gari moja likiwa juu yake hakuna nafasi ya kitu kingine. Mzee alikuwa ametangulia. Alikuwa akikanyaga polepole, mgongo umepinda, kreti linayumba. Dada Gia alipiga honi. Mzee alinyoosha mkono mmoja kando, kama mtu anayesema subiri, nivuke kwanza.

Dada Gia hakusubiri.

Aliingia darajani naye. Alisikia kofi kwenye bodi. Pa. Alitukana kidogo, kwa mazoea tu, akavuka. Upande wa pili alitupa jicho kwenye kioo cha pembeni.

Hapakuwa na mtu darajani.

Alijiambia mzee amebaki nyuma ya kona. Alijiambia hivyo kwenye kila kibanda alichopita, na siku hiyo kila kibanda kilichukua mkate wake.

Walimwona mzee saa za mchana, chini ya daraja, kwenye maji yasiyofika hata kiunoni. Mikate ilikuwa imevimba, inaelea kumzunguka. Watu walisema ni uzee, kizunguzungu kimemshika, masikini. Hakuna aliyeuliza ni gari gani lilipita. Dada Gia alikwenda msibani kama watu wote, akakaa na wanawake wenzake, akala, akarudi. Mumewe alimuuliza kama alimwona mzee asubuhi ile. Akasema hakumwona.

Kesho yake alipovuka daraja, alitazama kioo.

Mzee Kreti alikuwa nyuma yake.

Alikuwa mbali, mdogo kama kidole, anakanyaga polepole, mgongo umepinda. Dada Gia alifikiri ni mtu mwingine. Wazee wa baiskeli wanafanana. Akaongeza mwendo. Gari lilipofika kwenye mteremko lilikuwa linakimbia kiasi cha kreti kupigana nyuma. Akatazama tena. Yule mzee alikuwa palepale. Hakuongeza nguvu. Miguu ilizunguka taratibu kama ya mtu anayekwenda sokoni hana haraka. Lakini hakubaki nyuma.

Alisimamisha gari, akashuka. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Mtu hayupo.

Alipanda tena, akatazama kioo. Mzee alikuwa amesogea.

Ikawa hivyo kila siku. Alikuwa hatokei ila kwenye kioo, na hakutokea ila gari likiwa kwenye mwendo. Na kila siku alikuwa karibu zaidi ya jana. Dada Gia alimpandisha mpakiaji mmoja wa mkate, akamwambia atazame kioo amwambie anaona nini. Mpakiaji alitazama, akasema anaona barabara. Halafu akauliza, "Hii harufu ya maji yaliyooza inatoka wapi, dada?"

Aliking'oa kile kioo kwa bisibisi, akakitupa jalalani. Siku hiyo aliendesha bila kuona nyuma, akashukuru Mungu. Lakini alipovuka daraja, ubavu wa gari ulipigwa.

Pa.

Hapakuwa na kitu barabarani. Akaenda kidogo. Pa. Sasa ni usawa wa mlango. Aliendesha mpaka kiwandani, na waliokuja kupakua walikuta kwenye rangi nyeupe ya gari alama za kiganja chenye maji, moja baada ya nyingine, kutoka nyuma kuja mbele. Ya mwisho ilikuwa kwenye kioo cha dirisha lake. Kwa ndani.

Mumewe aliona mkewe anakonda. Hakula, hakutania, na usingizini alikuwa akikanyaga breki. Hatimaye Dada Gia akamwambia ukweli wote, kwa kunong'ona, kana kwamba kuna wa tatu pale mezani. Mume hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza Dada Gia kuliko kulaumiwa.

"Nenda kwa mjane wake," mume alisema. "Kamwambie. Kama ni msamaha, anao yeye."

Akaenda, mchana wa siku ya mapumziko. Mjane alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayechambua mchele kwenye ungo mlangoni. Alimkaribisha ndani. Chumba kilikuwa safi, kina meza na viti viwili. Kiti kimoja kilikuwa kimelowa, na maji yalikuwa yakidondoka chini yake, tone, tone.

Dada Gia alipiga magoti. Alisema yote. Mjane alisikiliza huku akitoa mawe kwenye mchele.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema mwishoni, kama mtu anayesema kumekucha. "Lakini msamaha wangu utamsaidia nini yeye? Hana habari na msamaha. Kila jioni anakuja hapa, anakaa kidogo, hali kitu. Namuuliza, baba, mbona hupumziki? Anasema hajafika. Anasema kuna gari mbele yake."

"Nifanye nini, mama?"

Mjane aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Mpishe."

Ikawa kesho yake, karibu na adhuhuri, Dada Gia alivuka daraja na gari tupu. Alikwenda mpaka pale barabara inaponyooka, akaegesha pembeni kabisa, matairi ya kushoto yakiwa majanini. Akazima injini. Akashusha kioo cha dirisha ili kisipigwe kofi tena. Hakukuwa na upepo. Ndege walikuwa wamenyamaza.

Akasikia mnyororo wa baiskeli.

Ulikuwa mkavu, unahitaji mafuta. Ulikuja polepole kutoka nyuma. Ukafika ubavuni. Harufu ya maji ikajaa gari. Dada Gia hakumtazama usoni. Aliona shati lililoshika mgongo, na mkate uliovimba kwenye kreti, na mkono ulionyooshwa kando, bado unasema subiri, nivuke kwanza.

"Pita, mzee wangu," alinong'ona. "Barabara yako."

Mzee alipita. Alikwenda mbele, akawa mdogo, akaishia kwenye mvuke wa lami. Dada Gia alilaza kichwa kwenye usukani, akalia machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Pa.

Ilikuwa nyuma ya gari.

Akasikia mnyororo mwingine. Na mwingine. Hakuthubutu kugeuka. Walimpita mmoja mmoja. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni, kitambaa cha kichwa kimeganda damu. Mwanamume aliyefunga mbuzi nyuma ya baiskeli, na mbuzi shingo yake inaning'inia. Msichana wa shule, sketi ina vumbi jekundu upande mmoja tu. Wengine nguo zao zilikuwa za zamani sana, za enzi ambazo barabara ile ilikuwa ya udongo. Kila mmoja alipiga bodi kofi alipofika, si kwa hasira, ila kama mtu anayebisha hodi. Ilikuwa kama barabara nzima ilikuwa imengoja siku zote dereva mmoja asimame.

Wa mwisho alikuwa amevaa ovaroli ya buluu. Mabegani alikuwa na unga wa mbao.

Huyu hakupiga kofi. Alipunguza mwendo usawa wa dirisha, akamtazama. Alimtazama kama mtu anavyomtazama dereva yeyote. Kisha akakanyaga, akawafuata wenzake.

Dada Gia aliita jina la mumewe. Hakugeuka.

Hakukumbuka alivyoligeuza gari. Anachokumbuka ni watu darajani, wengi, wamesimama, na lori la mchanga limekatisha njia. Seremala, mwajiri wa mumewe, alikuwa pale, kofia mkononi. Akamshika bega kabla hajafika.

"Shemeji, usiende," alisema. "Subiri wamfunike."

Mumewe alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alimwambia seremala kwamba mkewe amekwenda barabarani peke yake kufanya jambo zito, na moyo wake haukutulia. Alikuwa anamfuata.

Dereva wa lori alikaa ukingoni mwa daraja, kijana tu, midomo imekauka. Alikuwa akirudia maneno yaleyale, kwa sauti ya chini, kwa yeyote aliyepita karibu.

"Nilipiga honi. Nilidhani atanipisha. Nilipiga honi."

Dada Gia alikaa kando yake. Watu walitegemea atamrukia. Hakumrukia. Walikaa hivyo wawili, bila kutazamana, mpaka walipokuja kumchukua yule kijana.

Mambo hayakubadilika, kama mnavyojua yalivyo mambo. Gari la mkate lilipata dereva mpya. Barabara haikupanuliwa. Honi ni zilezile, na watu wa baiskeli wanaendelea kuvuka daraja wakitazama nyuma. Dada Gia aliacha kazi. Dada yake mkubwa alikuja kukaa naye, maana alikuwa hawezi kuachwa peke yake. Hakupanda tena gari lolote, na akisikia mnyororo wa baiskeli njiani alikuwa akijibanza ukutani mpaka upite.

Kisha ikaja alasiri moja ya kiangazi, joto la kuchosha. Dada Gia alikuwa amejilaza chumbani, amejifunika khanga miguuni. Dada mkubwa alikuwa uani anaanika nguo. Aliingia kumwamsha anywe chai, akatoka anatembea kinyumenyume. Akaja kwetu kumwita mama yangu. Hakusema kuna nini. Alisema tu, "Njoo uone, usinisemeshe."

Mama alikwenda. Sakafuni palikuwa na mstari wa tope bichi, mwembamba, wenye alama za tairi. Ulianzia kwenye ukuta wa nyuma, ambako hakuna mlango. Ulikatisha sakafu moja kwa moja, bila kupinda. Ulipanda kitandani. Ulipita juu ya shuka, juu ya khanga, juu ya miguu yote miwili ya Dada Gia, ukashuka upande wa pili mpaka ukuta wa mbele. Walipotoka nje waliukuta unaendelea upande mwingine wa ukuta ule, ukavuka ua, ukaelekea barabarani.

Dada Gia alikuwa macho.

"Nilimsikia mume wangu akija," alinong'ona. "Sikuweza kusogea."

Hakusogea tena. Madaktari walimpima miguu, wakasema mifupa ni mizima. Yuko kitandani mpaka leo, uso ameugeuzia ukuta wa nyuma.

Ile shuka mama yangu aliifua kwa mikono yake mwenyewe, uani kwetu, kwa maji ya moto na sabuni. Tope lilitoka lote. Mstari haukutoka.